Majaji wa Nyuma ya Karatasi

Nilistaafu mwezi wa Desemba 2019, na ninyi mnaobaki ofisini mkaniomba niwaandikie kidogo kuhusu miaka yangu ya kuwafundisha watu kura ya majaji. Mlisema niandike yatakayowasaidia. Nilijaribu kuyaandika bila kutaja wivu, nikaona nusu ya habari haipo. Kwa hiyo nimeutaja.

Nilianza mwaka 2010. Kabla ya hapo nilifanya kazi miaka kumi na minne katika nyumba ya wazee kule Saint Paul, nikiwageuza kitandani, nikiwaogesha, nikiwalisha. Mgongo ukakataa. Daktari akaniambia nitafute kazi ya kuketi, nami nikapata ya kutembea.

Ofisi yetu wakati huo ilikuwa chumba kimoja mtaani Phillips, juu ya duka la kufulia nguo. Kulikuwa na joto hata Januari, na sote tulinuka sabuni. Mkubwa wetu alikuwa Marlene, mama wa Kimarekani aliyekuwa karani wa mahakama maisha yake yote kabla ya kuanzisha kazi hii. Siku ya usaili aliniuliza swali moja tu.

"Uchaguzi uliopita, mstari wa majaji wa Mahakama ya Juu uliujaza?"

Nilikuwa nimepiga kura, tena kwa mbwembwe. Nilijaza rais, nikajaza wabunge, nikageuza karatasi nikakuta majina ya majaji, nikayaacha kama vile mtu anavyopita vyakula asivyovijua mezani. Nikamwambia ukweli.

Marlene akacheka. "Basi watu tunaowatafuta unawajua."

Kwa wale walioanza juzi, niseme kwa kifupi. Katika jimbo hili la Minnesota majaji wa Mahakama ya Juu ni saba, na sisi wananchi ndio tunaowapigia kura, kila mmoja kwa muhula wa miaka sita. Wengi huingia kwanza kwa kuteuliwa na gavana kiti kikiachwa wazi, kisha baadaye huja mbele ya wapiga kura. Majina yao hayaandikwi chama. Aliyeko kitini ameandikiwa hivyo kando ya jina lake, na habari zinaishia hapo. Mtu aliyezoea kutafuta chama akifika pale anapotea, na wengi wanaruka. Kazi yetu ni kuwashawishi wasiruke na kuwafundisha namna ya kuamua, bila kuwaambia wamchague nani. Hilo la mwisho Marlene alilikazia sana. "Wakikuuliza wewe unampigia nani," alisema, "anza kuongea kuhusu theluji."

Siku yangu ya kwanza tulikwenda nyumba kwa nyumba, yeye na mimi. Mlango wa tatu ulifunguliwa na Mkenya mwenzangu aliyekuwa bado na sare ya kazini, akatuuliza kwa Kiingereza:

"Dada, hii kura ya majaji inanihusu nini? Mimi sina kesi."

Nilikuwa nimesoma wiki nzima. Nikamweleza katiba ya jimbo, rufaa, kesi za wapangaji wanaofukuzwa nyumba, kesi za wafanyakazi walioumia kazini. Nilieleza bila kupumua. Yule kaka alikuwa ametoka shifti ya usiku, na nilipomaliza alikuwa amefumba macho akiwa ameegemea mlango. Tukamwacha alale. Tuliporudi barabarani Marlene akaniambia, "Umesema yote. Yeye hakuuliza yote."

Sentensi hiyo nimeibeba miaka yote na sikuielewa hadi nilipochelewa.

Vifaa vyangu vilikuwa vichache. Karatasi ya kura ya mfano, niliyoikuza ikawa kubwa kama meza na kuifunika kwa plastiki. Kalamu nyeusi nene. Vyuma vya kufunga chini ya viatu wakati wa barafu. Na chupa ya chai. Msitoke bila chai yenu. Mtu akikuona umebeba yako, haogopi kwamba umekuja kula kwake, na atasisitiza unywe yake.

Nilijifunza. Kufikia 2014 nilikuwa naalikwa makanisani, kwenye harambee, hata kwenye matanga, ingawa matangani nilikuwa na adabu ya kungoja mazishi yapite. Watu walinipa jina: Mama Jaji. Nikiingia ukumbini wazee wananiita hivyo na vijana wanasimama kunipa kiti. Nililipenda jina hilo kuliko ilivyofaa.

Mwaka 2015 akaja Furaha.

Familia za Wakongo zilikuwa zimeongezeka mjini na wengi wao walianza kupata uraia, kwa hiyo Marlene alitaka mtu wao. Furaha alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa Uvira, aliyekaa kambini Tanzania miaka mingi kabla ya kuletwa hapa. Aliingia asubuhi ya kwanza na koti jekundu, akamkumbatia Marlene. Marlene, ambaye kwa miaka mitano alikuwa amenipa mkono mara mbili, naye akamkumbatia. Nikageukia birika la chai.

Nilipewa nimfundishe. Nilimfundisha vizuri, hilo sijilaumu. Lakini nilihesabu makosa yake. Alichanganya rufaa na dhamana. Alisahau ni miaka sita, akasema minne. Jioni nilikuwa nikimsimulia mume wangu makosa hayo moja moja, naye akila chakula chake, hadi siku moja akauliza, "Huyo msichana hana zuri hata moja?" Nikamwambia anavaa vizuri.

Septemba 2016 tulialikwa Woodbury, nyumbani kwa muuguzi mmoja, Mkisii kama mimi. Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, watu kama ishirini sebuleni, chapati za kutosha, watoto orofa ya chini wakigombana kwa Kiingereza. Nilitandika karatasi yangu ya plastiki nikaanza. Nilikuwa nyumbani kabisa, na watu wangu.

Bwana mmoja, naye muuguzi, akainua mkono. "Mama Jaji, kwa heshima. Mimi hao nita-skip. Siwajui. Kumpigia mtu simjui ni kubahatisha, na mimi sitaki kubahatisha na sheria."

Nikaanza kumweleza namna majaji wanavyoteuliwa. Nikaona macho yake yanaanza kuwa kama ya yule kaka wa mlangoni. Ndipo Furaha, aliyekuwa ameketi karibu na mlango wa jikoni, akasema kwa Kiswahili cha kwao Kongo, "Papa, naweza kukuuliza? Mama yako mzazi iko wapi?"

"Yuko Kisii. Ana miaka sabini na nane."

"Nani anamuangalia?"

"Tumemwajiri msichana."

"Mbele ya kumuajiri ulikuwa unamujua?"

"Hapana."

"Sasa ulimuchagua namna gani?"

Yule bwana akafikiri. Furaha hakumsaidia. Alingoja tu, mikono mapajani. Watu wakaacha kutafuna.

"Niliuliza alikofanya kazi kwanza," akasema polepole. "Niliuliza kama ni mtu wa hasira. Kama anaweza kumsikiza mzee akirudia jambo moja mara tano. Na kama kuna mahali alifukuzwa, na kwa nini."

"Bon," akasema Furaha. "Andika hayo maulizo ine. Juge naye umutafutie majibu yake. Alitumika wapi. Anasikiliza batu? Bale bamefika mbele yake banasema nini? Bakubwa ba sheria bamemukemea? Ukisha kupata, hauko unabahatisha tena."

Watu wakacheka, kisha wakaanza kutafuta kalamu. Bwana yule aliandika nyuma ya bahasha. Maswali yaliyofuata yaliendelea mpaka giza likaingia, na yote yaliulizwa kwa kuelekea mlango wa jikoni.

Tulipokuwa tunaondoka, mwenye nyumba alinishika mkono akaninong'oneza kwa Kigusii, kama mtu anayeniamini: "Safari ijayo ututumie yule Mkongo."

Nataka mwelewe kilichoniuma. Mimi nilikuwa nimewauguza wazee miaka kumi na minne. Maswali yale manne niliyajua kwa mwili wangu. Niliulizwa mimi mwenyewe siku nilipoajiriwa kule kwa wazee. Yalikuwa yangu, na sikuwahi kufikiria kuyatumia. Yeye aliyatoa kwa dakika mbili, mbele ya watu wangu, tena bila hata karatasi.

Garini Furaha alisema, "Mama Kemunto, nilikukata maneno. Unisamehe."

"Hakuna neno," nikajibu, kwa ile sauti inayomaanisha lipo.

Wiki mbili baadaye ndipo nilipofanya jambo ninalolijutia.

Kulikuwa na kanisa la Wakongo kule Savage, karibu na maghala ya mtoni, na Furaha alikuwa ametafsiri kijikaratasi cha maelekezo kwa ajili yao, kwa Kiswahili chao. Kazi ya kukagua tafsiri ilikuwa yangu. Marlene hakujua Kiswahili zaidi ya "asante". Nikaketi na penseli Alhamisi mchana. Kilikuwa kizuri. Kilisomeka kama mtu anayeongea nawe. Kisha nikafika karibu na mwisho nikakuta: *Kama umeacha mstari ya bajuge wazi ao umekosea, karatasi yako yote haitahesabiwa.*

Si kweli. Ukiacha mstari wazi, mingine yote inahesabiwa. Ukijaza watu wawili kwa kiti kimoja, kiti hicho tu ndicho kinachoharibika. Na ukikosea, unarudisha karatasi na kuomba nyingine. Furaha alikuwa ameusoma vibaya mstari wa Kiingereza.

Penseli ilikuwa mkononi. Marlene akachungulia mlangoni. "Iko sawa?"

"Iko sawa," nikasema.

Nimejiuliza mara nyingi nilitaka nini. Nadhani nilitaka mtu wa kanisani apige simu ofisini, Marlene ajue, Furaha aone haya. Nilimfikiria Furaha, nikamfikiria Marlene, nikajifikiria mimi. Mpiga kura sikumfikiria hata mmoja, na hao ndio waliokuwa kazi yangu.

Siku ya uchaguzi Furaha aliwabeba watu wa kanisa hilo kwa gari la kanisa, kundi kwa kundi. Katika kundi la mchana alikuwemo Mzee Bahati, mshona nguo kutoka Fizi, mwenye miaka sabini na moja. Alikuwa amepata uraia kiangazi hicho, na hakuwahi kupiga kura popote maishani. Alikuwa amevaa suti aliyojishonea mwenyewe. Aliingia, akapewa karatasi, akajaza upande wa mbele. Akaigeuza. Akakuta majaji. Alikuwa ametafuta majibu ya kiti kimoja tu, na vilikuwepo vingine vya mahakama za chini. Kijikaratasi chetu kilikuwa mfukoni, na kilimwambia kwamba akiacha wazi ameharibu yote, na akikosea ameharibu yote. Alisimama pale karibu nusu saa. Kisha akamrudishia msimamizi karatasi, akasema kwa Kiingereza chake, "Sorry," akatoka.

Garini aliwaambia wenzake kilichotokea. Kina mama watatu waliokuwa wakingoja zamu hawakushuka.

Furaha alirudi ofisini na kijikaratasi kikiwa kimekunjamana mkononi, uso umevimba kwa kulia. Alikuwa amekisoma upya pamoja na mtu anayejua Kiingereza vizuri. "Kosa ni yangu," akamwambia Marlene. "Ni miye niliandika."

Marlene akanigeukia. "Wewe ulikikagua?"

"Lilinipita," nikasema.

Kabla Marlene hajasema kitu, Furaha akadakia, "Mama alikuwa na kazi mingi sana ile wiki."

Nilipata nilichotaka. Furaha aliacha kutumwa makanisani kwa muda. Woodbury walipoalika tena, nilikwenda mimi. Nilisimama na karatasi yangu ya plastiki, nikauliza maswali yale manne kana kwamba ni yangu, na watu wakanisikiliza kwa adabu. Yule bwana muuguzi akaniuliza, "Yule dada yuko salama?" Nikasema yuko salama.

Mwezi wa Januari nilishindwa kuendelea kuficha. Hakuna aliyenibana. Tulikuwa tunapanda ngazi za ofisi, yeye mbele akiwa amebeba begi langu kwa sababu ya mgongo wangu, nikamwambia, "Furaha, simama. Ule mstari niliuona."

Akageuka. "Mstari gani?"

"Wa kijikaratasi. Niliuona kabla hakijachapwa. Nikanyamaza."

Chini mashine za kufulia zilikuwa zinazunguka. Aliweka begi kwenye ngazi, taratibu, kama lina mayai.

"Juu ya nini?"

"Nilikuonea wivu."

"Weye?" Alinitazama kwa mshangao wa kweli, na hilo liliniuma kuliko matusi. "Weye, Mama Jaji? Miye nilikuwa nafanya mazoezi usiku mbele ya kioo juu nipate kusema kama weye."

Nikamwomba msamaha. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Papa Bahati anafikiri ni yeye mujinga. Bale bamama batatu nao. Enda ubaambie. Si miye, weye."

Nilimwambia Marlene kwanza. Hakupandisha sauti. Aliniondolea ukaguzi wa tafsiri, na ndiyo sababu hadi leo kila tafsiri yetu inasomwa na watu wawili na wote wanatia sahihi. Mlidhani ni utaratibu tu wa ofisi. Ni mimi.

Kisha nikaenda kwa kina mama watatu, mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza alilia, wa pili alinifungia mlango, wa tatu alinipa chai na hakunywa pamoja nami. Mwisho nikaenda kwa Mzee Bahati, ghorofa ya nne, Phillips. Mjukuu alinifungulia, akaita ndani, "Grandpa, some lady!" Mzee alikuwa kwenye cherehani. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Alisikiliza bila kuondoa mguu kwenye kanyagio.

"Kwa hiyo ningeacha wazi," akasema, "na ile ingine yote ingehesabiwa?"

"Ndiyo, Mzee."

"Hata raisi?"

"Hata rais."

Akaondoa mguu kwenye kanyagio. "Nilimwambia bibi yangu kwamba nchi hii iko na mtihani, na nilianguka. Yeye alikufa mwezi wa kumi na mbili. Alikufa anajua nilianguka."

Nikaketi sakafuni, maana viti vilikuwa vimejaa vitambaa. Baada ya muda akasema, "Basi unifundishe. Si ile ya haraka. Yote."

Nilikwenda kwake Jumanne mbili kila mwezi kwa karibu miaka miwili. Ni kazi bora niliyowahi kufanya na hakuna aliyeiona. Nilijifunza kungoja. Aliuliza swali, nikajibu hilo hilo, nikanyamaza. Aliuliza kwa nini jaji havai chama. Aliuliza jaji akikosea anasahihishwa na nani. Siku moja aliuliza kama mkimbizi anaweza kumshitaki gavana na akasikilizwa, na nilipomwambia ndiyo, aliacha kushona siku ile nzima. Kuhusu majaji wenyewe nilimwonyesha tu pa kusoma, na mjukuu akamsomea. Akiniuliza nampigia nani, nilianza kuongea kuhusu theluji, naye alizoea kunicheka.

Furaha naye hakula chakula cha mchana nami mwaka mzima. Alinisalimia, alinibebea begi, hakula nami. Marlene alimrudisha makanisani, akawa bora kuliko mtu yeyote aliyepita ofisi ile, mimi nikiwemo. Mwaka wa pili, siku moja, alivuta kiti akaketi mbele yangu, akafungua sahani yake ya sombe, yale majani ya muhogo, akaanza kula. Nami nikafungua yangu.

Novemba 2018 nilimpeleka Mzee Bahati kwenye kituo chake, ukumbi wa michezo wa shule. Nilimwambia ana haki ya kuingia na msaidizi. Akakataa. Nikamngoja nje, mbali na mlango kama sheria inavyotaka, kwenye upepo unaokata masikio. Alichukua muda mrefu hadi nikaanza kuomba Mungu.

Akatoka na kile kibandiko chekundu cha waliopiga kura, amekibandika kwenye kola ya suti ile ile.

"Nimejaza yote," akasema. "Mbele na nyuma. Moja ya mahakama ya chini sikuijua, nikaacha wazi." Alisema neno "wazi" kama mtu anayetaja kitu chake mwenyewe.

Nilifungua mdomo nimpongeze, lakini tayari alikuwa anapapasa mifuko. Akatoa simu yake, imeisha chaji. "Mama Kemunto, nipe yako. Nimuite Furaha."

Nikampa. Alivua kofia yake ya manyoya ili asikie vizuri, akanikabidhi niishike. Akamsimulia Furaha kila kitu: foleni, kalamu, mashine iliyomeza karatasi, msimamizi aliyemwita "sir". Alimshukuru kwa maswali yake manne. Alimwita "mwanangu". Aliongea kama dakika kumi na hakunitaja hata mara moja.

Niliona wivu, siwafichi. Upepo ulikuwa unavuma kutoka upande wa barabara na alikuwa anapaza sauti ili asikike. Nikasogea nikasimama upande ule, nikamkinga kwa koti langu, apate kuongea.